Anasoma vizuri, lakini anasoma nini?

Nafundisha madarasa ya chini huku Mang'ola, wilaya ya Karatu, jirani na Ziwa Eyasi. Kwenye dawati moja unaweza kukuta Mwiraqw, Mdatoga na Mhadzabe, na nyuma yao mtoto wa Kinyiramba ambaye wazazi wake wamefuata kilimo cha vitunguu. Lugha zao hazina undugu: moja ya Kikushi, nyingine ya Kiniloti, nyingine ya Kibantu, na Kihadza wataalamu mpaka leo hawajakipatia ndugu. Wote wanaingia darasa la kwanza kujifunza kusoma kwa lugha ya tano, yaani Kiswahili. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa nacho.

Sasa, Kiswahili kina hila moja ambayo chuoni hatukuisikia: kinasomeka upesi mno. Kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu, akaja kwenye mba na nda, baada ya miezi kadhaa anakusomea ukurasa mzima bila kukwama. Mgeni akija kukagua, anapiga makofi na kusaini kitabu cha wageni.

Kuna mvulana wa Kidatoga aliyenisomea "Meli iko bandarini" kwa sauti ya mtangazaji kabisa. Nikafurahi, maana kwetu bandari iko pale chini tu. Nikamwambia, haya baba, nichoree. Akachora Fuso limejaa magunia ya vitunguu, na watu wawili wamekaa juu ya mzigo, turubai limefungwa kamba, hata kondakta ananing'inia mlangoni. Picha nzuri sana. Kwenye kitabu chetu kilichochakaa alikuwa ameona kitu kikubwa chenye mizigo, akamalizia mwenyewe.

Tangu hapo kila sentensi inachorwa, au inaigizwa, au inaonyeshwa kwa kidole. Inakula muda, na mwalimu wa darasa la pembeni huniuliza kama siku hizi nafundisha sanaa. Lakini nikitembea kati ya madawati naona mara moja nani ameelewa na nani anaimba tu.

Kwenye hesabu ni hivyo hivyo. "Juma ana maembe kumi na matatu, akagawa matano" inaweza kumshinda mtoto ambaye nyumbani anahesabu mbuzi wa baba yake wakirudi jioni, na mmoja akikosekana anajua ni yupi. Kwa hiyo naulizia mara mbili: kwanza kwa vizibo vya soda, bila maneno mengi, halafu kwa sentensi. Akipata vizibo akakosa sentensi, tatizo ni Kiswahili, na dawa yake si kumrudishia kutoa na kujumlisha mwezi mzima.

Waliokaa hapa siku nyingi wengi wana lugha mbili. Msichana wa Kiiraqw aliyecheza na watoto wa Kidatoga ananifaa kuliko kitabu cha kiongozi cha mwalimu. Naeleza kwa Kiswahili, nawaachia dakika mbili wasemezane kwa lugha yoyote, kisha naomba jibu kwa Kiswahili. Kelele zipo, sikatai. Wapo walimu wanaoadhibu mtoto kwa kutamka neno la nyumbani, na darasa lao lina utulivu wa msibani.

Kiiraqw hakina z wala v. Mtoto akisoma "fisuri" badala ya "vizuri" huku anajua maana, nampa vema yake, matamshi tutayanyoosha kwenye nyimbo. Mwenzangu mmoja anakata alama hapo. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Wahadzabe ndio wanaonipa kazi zaidi. Baadhi yao hukaa bweni, mbali na wazazi, na wakiwa wawili tu darasani hawana wa kuwatafsiria. Nimejifunza kuwasalimia "mtana" mlangoni. Sarufi yao sijui, na vile vidoko vya ulimi vikinishinda wanacheka mpaka wanainama. Akishanicheka, huyo keshaanza kunijibu.

Msimu wa vitunguu ukifika madawati yanabaki wazi, wengine wako shambani na mama zao. Wakirudi siwaanzishii pale walipoachia. Naomba kwanza wanichoree huko walikokuwa, halafu tunaandika sentensi chini ya picha. Wiki iliyopita mmoja ameandika: "mama anafunga gunia". Ameisoma, na nilipomuuliza gunia ni lipi, ameniangalia kama mtu asiyejua kitu.