Mama Alipochagua Bahari

Mjadala wa likizo ya kiangazi nyumbani kwetu Munich huanza mapema, theluji haijamaliza kuyeyuka, na kwa kawaida huwa baina yangu na mume wangu. Yeye ni mtu wa Lushoto, amekulia kwenye ubaridi wa Usambara, na ikitajwa safari hataki kusikia jingine ila milima. Mimi nimezaliwa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, ambako ukifungua mlango wa uani bahari iko pale pale. Kwa sababu hiyo sikuwahi kuipigania bahari ya Ulaya. Nilijiambia bahari ninayo kwetu, kwa nini nikalipie ya watu? Waliokuwa wakiililia ni watoto, na sauti zao mbili hazikutosha.

Mwaka 2019 shauri lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa mama alikuwa anakuja. Anayemwalika mzazi Ulaya anajua shughuli yake: barua ya mwaliko, vielelezo vya mshahara, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, halafu kukaa roho juu mpaka pasipoti irudi. Ilirudi na viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ya siku 90. Mapema Julai nikampokea uwanja wa ndege, kanga begani, mkoba wa karafuu na pweza mkavu mkononi, akilalamika kwamba ndani ya ndege walimpa chai isiyo na tangawizi.

Mume wangu alikuwa ameshapanga kila kitu. Grindelwald, Uswisi. Kutoka huko tungepanda treni ya Jungfraujoch, inayopita ndani ya miamba ya milima ya Eiger na Mönch katika njia iliyochimbwa kwa miaka 16 hadi ikafunguliwa mwaka 1912. Inakufikisha kwenye stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Unateremka kwenye behewa katikati ya Agosti na unakanyaga theluji, na mbele yako imelala barafu ya Aletsch, zaidi ya kilomita 20 kwa urefu. "Mama hajaona theluji maisha yake," mume wangu alisema. "Bahari tutamwonyesha nini ambacho hakijui?"

Hoja ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa upande wake. Wasiwasi wangu ulikuwa presha ya mama tu, maana kule juu hewa ni nyepesi na hata vijana huumwa kichwa. Tukakubaliana tumuulize daktari kwanza. Mama mwenyewe hatukuwa tumemuuliza. Aliyemuuliza ni mwanangu mdogo, usiku mmoja tuko mezani: "Bibi, unataka kwenda mlimani au baharini?"

Mama akaweka tonge chini. "Hiyo bahari yenu iko mbali?"

Nikamwambia ni mwendo wa siku nzima kwa gari, Italia.

"Basi nipelekeni baharini."

Mume wangu akacheka kidogo, akidhani hajaelewa. "Mama, na theluji je? Bahari si unayo Jambiani?"

"Ninayo, baba. Nimekwenda pwani tangu utoto wangu, na sijakwenda hata siku moja bila ya kazi. Nataka niende nikakae tu."

Hakuna aliyejibu.

Kwa asiyeijua kazi ya mama yangu, niieleze. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kijijini kuingia. Unakata vigingi, unavipigilia mchangani kwa mistari, unafunga kamba baina yake, na kwenye kila kamba unaning'iniza vipande vya mwani kimoja kimoja kwa kijikamba chembamba. Ratiba si yako, ni ya mwezi. Bamvua likiingia, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanatoka mbali mpaka karibu na mwamba, nanyi mnayafuata kwa miguu, wengine na watoto wachanga mgongoni. Mnainama kwenye maji ya magotini chini ya jua la saa sita, mnavuna, mnafunga mbegu upya, mnapakia magunia, na mwani mbichi ni mzito kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Bahari haikungoji. Ikianza kujaa unatoka, umalize usimalize. Mama ana mikono iliyopasuka kwa chumvi na macho mekundu kwa mng'aro wa maji, na mwani huo ndio ulionunua madaftari yangu na sare zangu za skuli. Kabla ya mwani alikuwa akiokota chaza na kusuka makuti. Pwani ilikuwa shamba lake na ofisi yake.

Watalii walipoanza kujaa upande wetu, walikuwa wakilala kwenye vitanda vya jua hatua chache kutoka alipokuwa akianika mwani. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiwatazama na kujiuliza inakuwaje. Sikuwahi kujua mpaka usiku ule.

Kwa hiyo Grindelwald ikafutwa. Tulisubiri Idi Kubwa ipite, ambayo mwaka ule iliangukia Agosti 11, kisha tukasubiri ipite na Ferragosto, sikukuu ya Waitaliano ya Agosti 15, siku ambazo nchi nzima huhamia ufukweni na vyumba hupanda bei. Tukapata nyumba ndogo ya wageni Viserba, upande wa kaskazini wa Rimini, kwenye bahari ya Adriatiki.

Uzuri ni kwamba ukitoka Munich huwezi kufika bahari hiyo kwa gari bila kuivuka milima. Tulipita Innsbruck, tukalipa kodi ya barabara ya Brenner, njia ya kuvukia milima kuingia Italia, tukapita juu ya Europabrücke, daraja lililo karibu mita 190 kutoka bondeni. Mama alisoma Ayatul Kursiy mpaka tulipofika ng'ambo. Kisha akafungua macho, akaona kwa mbali kilele chenye weupe.

"Ndiyo theluji ile?"

"Ndiyo, Mama," mume wangu akasema.

"Nimeiona."

Mume wangu alisimamisha gari kileleni mwa njia, kwenye mita 1,370 hivi, akamwambia hapa ni karibu sawa na Lushoto mjini. Akavuta hewa kwa furaha. Mama akajifunga kanga ya pili na kurudi garini.

Pwani ya Rimini haifanani na pwani yetu kwa lolote. Imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina nambari yake, rangi yake ya miavuli na mwenyewe wa kukulipisha; wanaviita bagno. Miavuli imepangwa kwa safu zilizonyooka, na safu ya mbele, karibu na maji, ndiyo ghali zaidi. Biashara hii ni ya siku nyingi pale. Nyumba ya kwanza ya kuogea ilifunguliwa Rimini mwaka 1843. Baina ya vipande hivyo kuna sehemu za bure, na kwa kawaida zake mume wangu angetandika taulo huko. Safari hii alilipa safu ya mbele. Hakusema kitu, alikwenda tu akalipa, na mimi nampenda kwa mengi lakini hilo nimeliweka mahali pake.

Siku ya kwanza mama hakuweza kukaa. Alivaa dera lake na mtandio, akakalia ncha ya kitanda kama mgeni anayesubiri kuitwa, mara anakung'uta taulo, mara anapanga viatu vya watoto, mara anasimama kutazama maji. Mwisho akaniuliza: "Maji yanatoka saa ngapi huku?"

Nikamwambia hayatoki. Bahari ya Kati karibu yote haina kujaa na kupwa kwa kuonekana, na hata Adriatiki ya kaskazini, ambako kuna nafuu kidogo, siku za kawaida tofauti haifiki mita moja. Kwetu bamvua kubwa ni kiasi cha mita nne. Hakuniamini. Alichomeka kijiti mchangani pale mawimbi yalipofika, kama alivyokuwa akifanya Jambiani, akakitazama mchana kutwa. Jioni maji yalikuwa pale pale, hatua moja huku, hatua moja kule. Akakichomoa, akakitupa, akaniambia, "Basi hakuna wa kunifukuza." Nadhani ndipo mwili wake ulipofunguka. Kesho yake alinyoosha miguu juu ya kitanda, akajifunika kanga usoni, akalala usingizi wa mchana hadharani, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla ya hapo.

Aliingia majini pia, na dera lake, akashikana mikono na wajukuu. Viserba kuna safu za mawe makubwa yaliyowekwa baharini kuvunja mawimbi, hivyo maji ya ndani ni matulivu, na unaweza kwenda mbali yakiwa bado ya kiunoni. Wapo waliotazama vazi lake. Bibi mmoja wa Kitaliano wa safu ya pili yeye alimpungia mkono tu, naye akaingia, wakasimama pamoja majini wakizungumza kila mtu kwa lugha yake.

Alfajiri, mama akiwa ameshaswali, tulikuwa tukiteremka sisi wawili kuona trekta likichambua mchanga. Hukusanya vipande vya sigara, takataka, na mwani uliosukumwa na mawimbi usiku, wote pamoja, wakautia kwenye lori. Mama aliuokota mmoja, wa kijani, akausugua kwa vidole, akaunusa. "Wanautupa," alisema. Si mwani wa aina yake, nikamweleza, huu hauna mnunuzi. Hata hivyo alisikitika.

Chakula kilitaka uangalifu. Mkoa ule una mkate wao wa bapa, piadina, unaofanana na chapati iliyokosa kukunjwa, lakini wengi huukanda kwa mafuta ya nguruwe. Tulijifunza haraka kuuliza uliokandwa kwa mafuta ya zeituni. Samaki walikuwa rahisi: dagaa wakubwa wa kuchoma, ambao mama alikula na vichwa. Akapita mchana mmoja muuza nazi, akiimba "cocco bello!" ufukwe mzima, vipande vyembamba vimepangwa kwenye sahani na kunyunyiziwa maji. Mama alipoambiwa bei ya kipande kimoja alikirudisha mahali pake kwa mikono miwili.

Aliowapenda zaidi ni wachuuzi. Pwani ile hupitwa kutwa na vijana wa Senegal na Bangladesh, wamebeba taulo, mabegi na magauni mabegani, juani, mchangani. Watu wengi huwakataa bila kuinua macho. Mama alikuwa akiwasalimia wote, "Asalaam alaykum," nao walikuwa wakisimama. Mmoja, mtu mzima kidogo kutoka Senegal, alizoea kukaa dakika mbili chini ya mwavuli wetu kila adhuhuri. Mama alimpa maji, mimi nikitafsiri kwa Kifaransa changu kibovu. Alimuuliza anatembea kutoka wapi mpaka wapi kwa siku, na alipojibiwa akatikisa kichwa. "Mwambie mimi nami kazi yangu ni hiyo, pwani na mzigo. Mwambie leo nimepumzika, na yeye siku yake itafika." Nikamwambia. Yule bwana akainama, akamshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakumuuzia kitu siku ile, wala hakujaribu.

Na kuna lile la aiskrimu. Watoto walikuwa wamenunua za pakiti, kutoka kwenye friji ya bagno. Nina mazoea ya kusoma viambato kwa ajili ya jelatini ya nguruwe, na katika kusoma nikakutana na E407. Nilikuwa ninaijua namba hiyo kwa sababu kazini kwangu, jikoni kwa wagonjwa, tunapika uji mzito na pudini. Ni karagenani, kinachotolewa kwenye mwani mwekundu, jamii hasa ya ule unaofungwa kamba Jambiani. Ndicho kinachoishika aiskrimu isigawanyike maji na maziwa. Kimo pia kwenye dawa nyingi za meno.

Nikamwonyesha mama. Akaichukua pakiti, akaiweka mbali na macho kama afanyavyo akisoma, akaweka kidole chini ya namba. Miaka yote aliuza kwa kilo, gunia linapimwa, fedha kidogo inahesabiwa, gari linaondoka. Hakuna aliyewahi kumwambia linaishia wapi.

"Huu ndio mwani?"

"Ndio, Mama."

"Na hii wameinunua kwa kiasi gani?"

Nilipomtajia aliipiga hesabu papo hapo, kwa sauti, ni kilo ngapi za mwani mkavu. Kisha akaniomba nimnunulie yake. Aliila polepole mpaka kijiti, akaikunja pakiti na kuitia kwenye mkoba.

Pakiti hiyo ilifika Jambiani. Mwezi wa Septemba alirudi, na dada yangu akanipigia simu ya video kutoka barazani, wanawake wenzake wa mwani wamekaa mkekani wakiipokezana. Walikuwa wamemkubalia mengi: daraja, miavuli, bei ya nazi. La bahari isiyokupwa hawakulikubali kabisa, wakawa wanacheka na kupigana makofi ya mikono.

"Sasa hao mwani wao wanaupanda wapi?" mmoja akamuuliza.

"Hawapandi," mama akasema. "Wanakula wa kwetu."