Chini ya nne, tena mbali

Karatasi ya maabara ya PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, huandika pembeni ya jibu: kawaida, 0–4. Hiyo nne ndiyo inayonigombanisha na Baba. Jibu la Februari 2025 lilikuja 0.43, akalikunja, akalitia mfukoni mwa kanzu na kwenda zake barazani kuwatangazia wenziwe kwamba yuko chini ya nne, tena mbali.

Nne hiyo ni ya mwanamume ambaye tezi dume yake ipo. Ya Baba ilitolewa yote kwa sababu ya saratani, Mombasa. PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, nzima na za saratani, kwa hiyo tezi ikishaondoka damu inatakiwa iwe karibu haina kitu. Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari huhesabu kuwa ugonjwa umerudi, hata kama mwenyewe hasikii maumivu popote.

Mimi kazi yangu ni kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Deni dogo linalojizidisha hunitisha kuliko kubwa lililolala, na daftari la Baba nalisoma hivyo hivyo. Februari 2024: 0.21. Agosti: 0.30. Februari 2025: 0.43. Swali ni inachukua muda gani kujizidisha mara mbili. Simu yenye kitufe cha ln, yaani logi asilia, inatosha: gawanya jibu la mwisho kwa la kwanza, bonyeza ln, upate 0.717. Kisha 0.693, ambayo ni ln ya 2, mara miezi 12, gawanya kwa hiyo 0.717. Inakuja miezi 11 na nusu hivi.

Ingekuwa chini ya miezi mitatu, ningelia. Ikizidi mwaka, daktari hutulia kidogo, ingawa huangalia pia alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa seli za saratani, na muda uliopita tangu upasuaji. Baba yuko katikati, mahali pabaya pa kubishana na mtu mkaidi.

Hesabu hii inataka majibu matatu au zaidi, yaliyoachana miezi kadhaa, na maabara ile ile. Mashine za maabara mbili hazisomi sawasawa, na kwenye tarakimu ndogo kama hizi tofauti yao inaweza kuonekana kama ugonjwa unakimbia. Baba alitaka kupima karibu na nyumbani kuokoa nauli. Nilikataa.

Jirani yetu, ambaye tezi yake anayo, PSA yake ilipaa alipopata maambukizi ya njia ya mkojo, ikashuka baada ya dawa. Kwake yeye kupanda kwa ghafla hakukuwa saratani. Na wanaomeza finasteride, dawa ya tezi iliyovimba, PSA yao hushuka kama nusu baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo tarakimu yao ndogo isiwadanganye. Wazee wa barazani wakilinganisha namba zao hawaulizani hayo.

“Mama,” Baba aliniambia, “kwani ni 0.43 tu, haraka ya nini?”

Nikamwambia haraka ni hiyo hiyo, Baba. Daktari ameshasema mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla PSA haijapita 0.5. Baba anataka afunge Ramadhani nyumbani, aende baada ya Idi. Hapo nimemkubalia. Mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba, na kwenda na kurudi Mombasa kila siku hataweza, basi nimeshampigia mjomba wa Kisauni atutengee chumba.