Kumbukumbu ya mradi: daftari la mali kauli, Kibirizi

Mbalamwezi

Ratiba ya mradi huu inapangwa na mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukishapevuka taa haiwavuti tena, kwa hiyo vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, hupumzika mwaloni na wafanyabiashara nao hupata pumzi. Vikao vyangu na mama ninayemtengenezea mfumo wa kuandika madeni kwenye simu huviweka siku hizo. Giza likirudi, yeye yuko Kibirizi, mwalo wa Kigoma, kabla ya alfajiri, nami niko Mwanga, hapa hapa Kigoma, na kompyuta yangu, nafuatilia programu inavyohimili kazi.

Anachotaka ni kimoja tu: kujua nani ana mzigo wake na anadaiwa kiasi gani. Biashara yake ni ya mali kauli. Ananunua dagaa wabichi, anaanika, anafunga magunia, anapakia kwenda Tabora, Dodoma au Dar es Salaam, na aliyepokea analipa akishauza. Huyu analipa kwa simu kidogo kidogo, yule anampa dereva fedha mkononi, mwingine analipa nusu na kuchukua mzigo mwingine juu ya deni. Mara ya kwanza tulipokaa aliniambia, "Mwanangu, hela yangu haijapotea, iko njiani. Njia ipi, ndiyo sijui."

Kabla ya kuandika msimbo wowote nilikaa na daftari lake. Ukurasa una herufi mbili za jina la mdaiwa, idadi ya magunia, bei, kisha msururu wa malipo madogo, kila lililopokelewa limekatwa kwa mstari mmoja. Aliyeahidi siku maalumu amezungushiwa duara. Hakuna kilichofutwa. Hata penye kosa amekata kwa namna ambayo tarakimu ya zamani bado inasomeka, kwa sababu ukizuka ubishi, tarakimu hiyo ndiyo shahidi wake.

Nimeichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Ndani ya mfumo huwezi kufuta malipo wala mzigo. Unaongeza mstari wa kurekebisha, na ule wa awali unabaki na saa yake. Wahasibu wanafanya hivyo tangu zamani, na naona programu nyingi za bure za kuandika madeni zinakosea hapo hapo: kitufe cha kufuta kiko karibu mno na kidole.

Jambo la pili ni vipimo. Programu za dukani hutaka kilo. Yeye ananunua kwa ndoo, anauza kwa gunia, na ndoo ya wabichi haitoi uzito uleule siku ya jua kali na siku ya mvua. Ukimlazimisha aandike kilo atabuni, na hesabu ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na hesabu. Kwa hiyo kila kipimo kinasimama chenyewe na bei yake. Kilo inaingia pale tu mzigo ulipopita kwenye mizani.

Giza

Mtandao mwaloni hauaminiki. Kila kitu kinakaa kwanza kwenye simu, ndani ya kanzidata ya SQLite, ambayo ni faili moja isiyohitaji seva. Simu ikipata intaneti inapeleka nakala. Isipopata, kazi inaendelea. Sehemu hii imetulia, sina la kuongeza.

Palipo na moto ni kwenye sauti. Mikono yake asubuhi ina mchanga na magamba, hawezi kuchapa. Ameomba aseme tu, simu iandike. Hapa ndipo akili mnemba inapostahili kuingia, na hapa ndipo nimetumia muda wangu mwingi.

Ninatumia Whisper, modeli ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa mwaka 2022, kwa sababu inaweza kupakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Sababu si bando peke yake. Ujumbe wake una majina ya watu na madeni yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za namna hiyo hasa. Sauti inaishia kwenye kompyuta iliyoko Mwanga. Haivuki mpaka.

Modeli hiyo ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha nyingine 96 nje ya Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu. Ukisikiliza Kiswahili cha Kibirizi, chenye Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, ndani yake na injini ya boti nyuma yake, unaelewa kwa nini inababaika. Maneno ya kawaida inayapata vizuri. Fedha ndiyo mtihani. Mama anasema "elfu ishirini na tano", na mashine mara inaandika 25,000, mara 20,005. "Laki na nusu" imewahi kutoka kama 100,000, nusu imemezwa.

Kwa hiyo nimeigawa kazi. Modeli inaandika maneno tu, tarakimu haigusi. Kugeuza maneno kuwa fedha kunafanywa na msimbo wangu wa kawaida, wenye kanuni ninazoweza kuzisoma na kuzipima. Mojawapo ni hii: kiasi chochote kisichogawanyika kwa 50 kinasimamishwa, maana mwaloni hakuna anayelipa shilingi tano. Kisha skrini inaonyesha jina, kiasi kwa tarakimu kubwa, na vitufe viwili, Ndiyo na Siyo. Asipobonyeza Ndiyo, hakuna kinachoingia kwenye deni la mtu. Sitaki mashine inayokisia iguse salio, hata ikipatia mara nyingi kiasi gani, kwa sababu salio hilo ndilo heshima ya watu wawili.

Tulijaribu pia ujumbe wa kukumbusha madeni ulioandikwa na akili mnemba. Ulikuwa sanifu kabisa. Mama aliukataa palepale: yeye huanza na salamu, huuliza wagonjwa wa nyumbani, husifu mzigo uliofika salama, ndipo anagusa deni, na kila mteja ana mlango wake wa kuingilia. Nimeiondoa sehemu hiyo yote. Nadhani amenifundisha zaidi kuhusu kudai kuliko nilivyomfundisha kuhusu simu.

Mbalamwezi tena

Kaka mmoja mwenye duka la vipuri Ujiji alikuja akitaka "roboti" wa kujibu wateja WhatsApp. Nilimwomba anionyeshe meseji zake. Karibu zote zinauliza bei, kama kipuri kipo, na duka linafungwa saa ngapi. Nikamwekea WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, tukapanga orodha ya bidhaa na majibu ya haraka, tukaagana. Ushauri wa teknolojia kwa biashara ndogo mara nyingi unapaswa kuishia hapo, na mshauri asiyeweza kusema "hili hulihitaji" anauza tu.

Kibirizi, mfumo umeanza kubeba zaidi ya dagaa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wafanyabiashara wengi waliishi kwa bidhaa nyingine, na mama alirudi kwenye mawese. Bidhaa sasa ni jina lolote analoandika mwenyewe. Dumu la mawese linakaa kwenye ukurasa mmoja na gunia la dagaa, na mdaiwa mmoja ana salio moja.

Faili zima ni lake. Kuna kitufe kinachotoa madeni yote kwenye jedwali analoweza kuchapisha stesheneri yoyote, hata siku nikihama Kigoma. Nililiweka hilo kwenye makubaliano kabla ya bei.

Giza lijalo wenzake wawili wa Katonga wanaingia kwenye majaribio. Mmoja anauza kwa sado na ana vijana wawili wanaopokea fedha kwa niaba yake, kwa hiyo kila malipo lazima yabebe jina la aliyepokea. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.