Siku moja maishani mwangu: karani wa makaratasi, Kampala

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko stendi ya Kireka nagombania taksi ya mjini. Saa mbili kasoro niko mezani, barua pepe nimejibu, chai nimekunywa. Hadi saa nne hakuna la kusimulia.

Nyumbani wakiulizwa kazi yangu husema "ni ya kompyuta". Vijana wanaoandika programu huniita karani. Ninasimamia miradi kwa utaratibu wa PRINCE2, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1989 kwa jina la PRINCE, kwa miradi yake ya kompyuta, kisha mwaka 1996 ukapanuliwa ufae mradi wowote. Una kanuni 7. Inayonilisha mimi ni moja: bodi ya mradi inakupa muda, fedha na nafasi ya kuteleza kidogo, ukiona utaipita, unairudia bodi iamue.

Saa nne na robo Hajji, mteja wetu, akapiga. Tunamtengenezea mfumo wa kufuatilia malori yake toka Malaba hadi Kampala. Akaniuliza mama, watoto, mvua. Nikajua lipo jambo.

"Binti yangu, humo humo tieni na mishahara ya madereva. Kitu kidogo tu."

Nikafungua rejista ya masuala, mstari wa 23, nikayaandika maneno yake yalivyo. Kijana wa programu akashika kichwa. NSSF, akiba ya uzeeni, ya mfanyakazi asilimia 5, ya mwajiri asilimia 10, bado kodi, bado posho za safari: kazi ya wiki 3. Nafasi yetu ya kuteleza ni wiki 1.

"Hajji, hili siwezi kulikubali mimi. Liende kwenye bodi."

"Hela si zangu?"

Zake, na neno la mwisho ni lake. Ila bodini wamo pia karani mkuu wake, anayewasemea watumiaji, na bosi wangu, anayetusemea sisi watengenezaji. Nilitaka aamue akiwa ameketi nao, si akiwa barabarani anapiga honi. Akakata simu. Akapiga tena. Akampigia bosi. Bosi akaja akasimama mbele yangu bila kusema kitu, na rolex yangu, chapati ya mayai, ikapoa ndani ya gazeti mpaka mafuta yakaganda.

Umeme ukakatika, ukarudi. Nikaandika ripoti, ukurasa mmoja, njia 3: tuongeze wiki na fedha, tuache baadhi ya tuliyoahidi, au tumalize malori kwanza, mishahara iwe mradi wake. Nikapendekeza ya tatu. Saa sikuitazama tena.

Bodi ilikaa jioni. Hajji alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Ya tatu hii, malori nitayaona lini?"

"Tarehe ile ile, Hajji."

Akatia saini. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nipe na nakala ya mwanangu. Habari ya mishahara ni yake, mimi nilitumwa tu."