Daftari la mahudhurio na mwezi mwandamo: nilivyofanya utafiti wangu wa uzamili Pemba

Nilipochagua mada ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, nilitaka kujua kwa nini wanafunzi wa kike wa sekondari katika shehia moja ya pwani (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), Wilaya ya Micheweni, walikuwa wakikosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na ni msaada gani wa skuli ungeweza kuwafaa. Shehia yenyewe siitaji hapa, kama ambavyo sikuitaja katika tasnifu, kwa sababu wazazi waliniamini kwa sharti hilo.

Barua ya chuo, kibali cha utafiti, ruhusa ya afisa elimu na kujitambulisha kwa sheha vilichukua muda, lakini vilikwenda kwa utaratibu wake. Ugumu ulianza darasani. Nilikuwa nimetayarisha dodoso lenye swali la moja kwa moja: kwa nini ulikosa skuli mwezi uliopita? Wanafunzi walilijaza mwalimu wa darasa akiwa amesimama mlangoni, na karibu wote waliandika neno moja, ugonjwa. Daftari la mahudhurio nalo liliwaita watoro. Nilirudi nyumbani na makaratasi ambayo hayakunieleza lolote, na kwa wiki nzima nilifikiria kubadilisha mada.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja nilipokwenda kumwomba idhini ya kuzungumza na binti yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, njoo maji mafu. Sasa hivi ni bamvu, hapa humkuti mtu." Nilitazama uani: hakukuwa na mtu kweli. Wote walikuwa kwenye mwani.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaelewa. Mwani, ambao ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na ambao wakulima wake wengi ni wanawake, hufungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi ndani ya maji ya kina kifupi, na mashamba hayo hufikika vizuri maji yakipwa sana. Kupwa huko huja wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika bahari yetu maji ya bamvu hufika chini kabisa baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, yaani katikati ya vipindi vya masomo. Maji mafu ni zile siku za katikati, baina ya bamvu moja na jingine, ambapo maji hayapwi sana. Nimezaliwa kisiwani, mambo haya nayajua tangu utotoni, na bado sikuwa nimeyaingiza katika utafiti wangu, kwa kuwa vitabu nilivyosoma vilinifundisha kuuliza juu ya kipato, umbali wa skuli na elimu ya wazazi.

Kwa hiyo niliacha kuuliza kwa nini, nikaanza kuuliza lini. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu nilinakili mahudhurio ya muhula mzima bila majina, kila mwanafunzi kwa namba yake, kisha nikaandika tarehe ya mwezi mwandamo pembeni ya kila tarehe ya kawaida. Kwa kuwa kuandama kwa mwezi kunaweza kutofautiana kwa siku moja, nililinganisha pia na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Nafasi zilizo wazi zilijikusanya tarehe 1 hadi 3 na tarehe 14 hadi 17, kisha daftari likajaa tena. Hazikuwa zote, wapo waliougua kweli, na katika msimu wa karafuu utoro ulikuwa wa sura nyingine, siku nyingi mfululizo, wavulana na wasichana pamoja. Nililazimika kutenganisha mambo hayo mawili, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa sura ya nne ya tasnifu.

Mahojiano niliyarudia upya wakati wa maji mafu. Tulikaa chini ya mwembe katika uwanja wa skuli, mahali tunapoonekana na kila mtu lakini hatusikiki, na nilimweleza kila msichana kwamba idhini ya mzazi wake haimlazimishi kujibu. Safari hii walizungumza. Wengi hawakulalamikia mwani, kwa maana fedha yake ndiyo iliyowanunulia sare na madaftari. Kilichowaumiza ni kurudi darasani na kukuta mada ya hisabati imepita na hakuna wa kuwarudishia. Nilipokuwa nikitafsiri maneno yao kwa Kiingereza, nililiacha neno bamvu kama lilivyo na kulifafanua mara moja tu mwanzoni, na msimamizi wangu alikubali.

Kabla ya kuwasilisha tasnifu nilirudi kuwasomea wazazi na walimu niliyoyapata, kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa darasani alasiri. Nilihofia kwamba wasichana wangeadhibiwa, hivyo nilionyesha tarehe peke yake. Mwalimu wa hisabati aliomba nakala ya jedwali langu, akaibandika ndani ya jalada la daftari lake, na jaribio lililofuata alilipanga tarehe 8 Mfunguo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, maji yakiwa mafu.