Dragon Age: Origins, mzunguko wa pili: Zevran nimpeleke Denerim au abaki kambini?

Orzammar nimemaliza, msitu wa Brecilian nimemaliza, Redcliffe kumetulia. Sasa naingia Denerim, mji mkuu, na naruhusiwa kuchukua watu watatu tu. Wynne, mchawi anayeponya, na Alistair, shujaa wa upanga, wameshapata nafasi. Iliyoninyima usingizi ni ya tatu.

Kwa ambaye hajalicheza: gemu hili BioWare walilitoa 2009, na laptopu yangu ya mtumba inaliendesha vizuri tu. Zevran ni muuaji wa kukodiwa, mmoja wa Kunguru, chama cha wauaji cha nchi ya Antiva. Unakutana naye njiani akiwa ametumwa akuue. Ukimshinda anakwambia waziwazi: kazi imenishinda, walionituma wataniua, bora nikutumikie wewe.

Binamu yangu wa Chumbageni alimmaliza palepale kwenye gemu lake. Akija hapa Ngamiani jioni akamkuta Zevran bado yuko kambini kwangu, anaguna. “Dada, mla nawe hafi nawe. Huyo atakuchinja.”

Mzunguko huu nimejiwekea sharti: mtu akinigeuka, sirudi kwenye hifadhi ya nyuma. Ndiyo maana nina daftari, kila mwenzangu na ukurasa wake, nikiandika anataka nini na nini kitamfanya anigeuke. Gemu linaonyesha alama, kuanzia -100 hadi 100, lakini alama zinasema mtu anakupenda kiasi gani, hazisemi mpaka wake uko wapi. Wynne ukichafua mbele yake majivu ya Andraste, nabii wa dini yao, atapigana nawe hata kama alama zimejaa. Alistair ananikubali sana, ila Loghain, jemedari aliyemsaliti mfalme, akiachwa hai naye Alistair akiwa bado kundini, anaondoka. Hao nawaamini kwa sababu mipaka yao naijua.

Zevran hana mpaka wa namna hiyo. Huko Denerim anasubiriwa na Taliesen, Kunguru mwenzake wa zamani, atakayemwita arudi. Alama zikiwa chini, anaungana naye na unapigana na wote wawili. Kwake yeye kila kitu kinategemea mlivyoishi kambini.

Basi nilikaa naye kambini. Zawadi nilimpa, viatu vya ngozi ya Antiva na glavu za Wadalish, watu wa mama yake, zinazomkumbusha mama huyo, lakini kilichonipa uamuzi ni habari ya Rinna. Walikuwa watatu kwenye kazi moja: yeye, Taliesen na Rinna. Wakaambiwa Rinna amewasaliti. Taliesen akamkata koo, Zevran akasimama anatazama, baadaye ikajulikana Rinna hakuwa na hatia. Ndipo Zevran akaichukua kazi ya kuniua, akitumaini afe yeye. Niliyasoma maneno hayo polepole, umeme umekatika mtaa mzima, nimebaki na betri tu. Mtu anayenipangia usaliti asingenipa jambo zito hivyo linalomhusu yeye mwenyewe. Nikaandika kwenye ukurasa wake: aje.

Taliesen alitokea kwenye uchochoro na watu wake, akamwita kwa upole kama ndugu. Zevran akakataa, tukapigana upande mmoja. Walipouawa wote, Zevran akaniambia Kunguru sasa watadhani naye amekufa, kwa hiyo yuko huru; je, bado namhitaji? Nikamwambia abaki.

Binamu nimemtumia picha ya skrini, hajajibu. Kinachofuata ni Landsmeet, baraza la wakuu wa nchi, na ukurasa wa Alistair nimeshaufungua.