Tangi la mbuna: pampu imeingia kazini

Tangi langu ni la kioo, urefu sentimita 100, upana 50, kimo 40. Humo wanaishi samaki tisa wa Ziwa Nyasa, aina ya mbuna. Kila wiki napunguza maji sentimita 12, na kwa vipimo hivyo kila sentimita ni lita 5. Jumla lita 60: ndoo tatu kutoka, ndoo tatu kuingia. Mgongo ulishagoma, ndipo nikanunua pampu ndogo ya kuzamisha iliyoandikwa lita 1,500 kwa saa.

Jumamosi ya kwanza

Niliitumbukiza ndani ya tangi itoe maji machafu. Ikavuta mchanga, kifeni cha ndani kikakwama, na kifaranga mmoja akanaswa kwenye chujio. Alitoka hai, mkia umechanika kidogo. Nilijilaumu sana, maana tangi liko juu ya meza ya sentimita 75. Maji yanataka kushuka yenyewe, pampu ya nini? Kutoa nimerudi kwenye mpira wa kunyonya kwa mdomo, kama wezi wa dizeli, na maji yanaishia kwenye chainizi zangu nje. Pampu ipandishe tu.

Jumamosi ya pili

Pampu ndani ya pipa la lita 80 sakafuni, mpira hadi tangini. Nilipima: ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika mbili, yaani lita 600 kwa saa. Yale 1,500 ya kwenye boksi ni pale maji yasipopanda popote.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Mimi niko uani. Pampu hizi hazina kizuizi cha kurudisha maji, na ncha ya mpira niliiacha imezama, basi tangi likaanza kujimwaga kurudi kwenye pipa, pipa likafurika. Mama watoto akaniita: "Baba, njoo uone, samaki wako wanahamia sebuleni!" Sasa ncha naibana kwa kibanio cha nguo juu ya usawa wa maji. Ikizimika, inavuta hewa, basi.

Jumamosi ya tatu hadi ya tano

Kumbe kazi yenyewe ni baridi. Juni hii maji ya bomba hapa Mbeya nimeyakuta nyuzi 16, na mbuna wanataka kama 25. Kwao Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni joto, huku tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya ziwa lao. Kwa mwendo wa ndoo, maji ya baridi yaliingia kidogo kidogo. Pampu inayamwaga lita 60 kwa dakika sita. Wiki ya tatu samaki walijibanza chini ya mawe, mapezi yamekunjwa, hadi jioni.

Nilikaa na kalamu. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hesabu, lita 7 za maji ya moto kwenye 53 za baridi zinatosha. Pipa nalo linakula joto, kwa hiyo natia 8. Maji yanalala usiku kucha pipani bila mfuniko, pampu ikiyazungusha ili klorini itoke, asubuhi ndiyo natia ya moto. Hita ya tangini naichomoa kwanza, maana ikibaki nje ya maji inawaka, kioo chake kinapasuka.

Jumamosi iliyopita kipimajoto kilisoma 25 pipani na 25 tangini. Hakuna aliyejificha. Ndoo mbili mama watoto kashazichukua kulowekea nguo.